Kikombe cha Mawese Kwenye Tanki la Baba

Bora niseme mwenyewe kabla hajasema mtu mwingine. Mwaka juzi, mwezi wa sita, mimi niliyefundisha kemia kwa miaka kumi na tisa, nilimimina mawese kwenye tanki la petroli la gari la baba. Sikuwa nimelewa, wala sikuwa na hasira na mtu. Nilikuwa na mafua. Gari halikufa, na baba hakufa, ingawa kwa siku nane yeye mwenyewe alikuwa na hakika kwamba anakufa, na kilichompa hakika hiyo ni hayo mawese yangu.

Gari lenyewe ni pikapu kongwe kuliko mimi, na mimi si mtoto. Baba alilinunua likiwa limeshachoka, enzi akiwa dereva wa misheni, akalifufua kidogo kidogo kwa mikono yake. Tanki liko chini ya kiti cha abiria. Ukitaka kujaza mafuta, abiria ashuke, unyanyue mto wa kiti, uondoe gunia lililotandikwa chini yake, ndipo uukute mfuniko. Wahudumu wapya wa kituo cha mafuta hulizunguka gari mara mbili wakitafuta mdomo wa tanki, na baba hufurahi sana kuwaacha watafute.

Injini za umri ule zilitengenezwa kutumia petroli yenye madini ya risasi. Risasi ile ilikuwa sumu kwa watu, lakini ilizilinda valvu zisilike. Petroli ya siku hizi haina risasi, jambo jema kwa wanafunzi wangu, ila wazee wenye magari ya zamani hawalali vizuri wakifikiria chuma kikavu kinavyogonga chuma kikavu mle ndani. Kwa hiyo kila mmoja ana dawa yake ya kuongeza. Ya baba ni oili nyekundu, ile wanayochanganya na petroli wenye misumeno ya kupasulia mbao na wenye injini za mitumbwi. Kikombe kimoja cha kahawa kwa dumu la lita ishirini. Oili inatangulia, petroli inamiminwa juu yake ili ijichanganye yenyewe. Nimeshamweleza mara nyingi kwamba kwa kemia ninayoijua mimi, sina uhakika kama kikombe kile kinalinda chochote. Hunijibu kwamba kemia yangu haijawahi kupanda milima ya Mahenge wakati wa masika na mgonjwa nyuma. Hapo mjadala huisha, maana ni kweli haijawahi.

Mama alifariki mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla ya kisa hiki. Baba akapungua maneno, kisha macho nayo yakapungua. Presha ya macho, walisema hospitalini, na kuendesha tena hapana. Nikahama nyumba ya walimu nikaja kukaa naye hapa Viwanja Sitini, Ifakara. Kitu kimoja tu kilikuwa kinamtoa kitandani akiwa amechangamka, nacho ni safari ya Jumamosi kwenda Michenga kuangalia mpunga wake. Mimi naendesha, yeye anakaa juu ya tanki lake, anasikiliza injini na kunikaripia gia. Barabara haioni, lakini kila shimo analijua. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba siku gari hili likifa, baba atageukia ukutani na hatageuka tena. Ndiyo maana nililitilia gari oili yake bila kukosa, niamini nisiamini.

Sasa kosa. Alhamisi ya wiki ile mama mdogo, mdogo wake mama, alipita nyumbani na chupa ya mawese. Wakwe zake wana michikichi michache shambani na hukamua wenyewe. Baba alikuwa amelala, hakumwona. "Mpikie shemeji kambale Jumapili," aliniambia, "kama alivyokuwa anapika dada." Tangu mama aondoke nilikuwa napikia alizeti tu, kwa sababu mkono wangu na mawese havipatani. Nikasema sawa, nikaiweka chupa stoo, kwenye rafu. Ilikuwa chupa ya maji ya kunywa, ya lita moja, iliyobanduliwa karatasi. Na oili nyekundu ya baba, ambayo huwa tunapimiwa dukani kutoka kwenye pipa, nayo ilikuwa rafu hiyohiyo, ndani ya chupa ya maji ya kunywa, ya lita moja, iliyobanduliwa karatasi.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na ile baridi yetu ya mwezi wa sita ambayo watu wa Iringa wanaicheka. Kichwa kilikuwa kizito, pua zimeziba mpaka nilikuwa napumulia mdomo kama samaki. Nikachukua chupa stoo bila kuwasha taa. Nikaiona nzito, imeganda nusu. Mtu mwingine angejiuliza. Mimi nikajieleza kitaalamu kwamba baridi huongeza uzito wa mafuta, nikaitumbukiza chupa kwenye maji ya moto ya kuogea baba mpaka ikalainika. Kisha, kwa kuwa wiki ile injini ilikuwa inagonga kidogo, nikaamua kutia vikombe viwili badala ya kimoja. Cha pili kilimwagika nusu kwenye gunia. Nikarudisha mto, nikaenda kujaza petroli, nikarudi kumchukua mzee.

Tulipoiacha lami tu, baba akainua uso.

"Unasikia harufu?"

"Harufu gani?"

"Ya jikoni."

Ningesema pua zangu zimeziba, mambo yangeishia palepale. Lakini mimi ni mtu wa kujibu haraka, na asubuhi ile nilikuwa sina subira hata na nafsi yangu. "Hakuna harufu yoyote, baba. Tuko barabarani."

 Gunia lilikuwa linadondosha tone moja moja juu ya bomba la moshi lililochemka chini yetu, na ndani ya kibanda kile kidogo, sasa najua, palikuwa pananukia kama mtu anakaanga. Mimi sikusikia kitu. Tulifika Michenga, tukaangalia mpunga, umeinama, umebakiza wiki mbili tatu. Baba hakuuliza habari za ndege wala za wavunaji. Aliporudi kwenye gari aligusa mlango kwanza, akasita, ndipo akapanda.

Jumapili tulienda kanisani kwa gari. Kambale sikupika, nilirudi kitandani na mafua yangu. Jumatatu baba aliniomba nimwite fundi wetu, jirani wa hapa mtaani ambaye niliwahi kumfundisha kidato cha pili, akamkabidhi boksi lake lote la spana. Spana zile nilikatazwa kuzigusa nikiwa na umri wa miaka saba na katazo halijawahi kufutwa. Fundi akanitazama, nami nikamtazama. Jumanne baba akataka suti yake nyeusi ianikwe. Jumatano akataka padre. Padre akaja, wakafunga mlango muda mrefu sana, na alipotoka akaniambia kwa upole kwamba mzee amejiandaa vizuri. Nilitaka kumuuliza amejiandaa kwenda wapi, lakini nilijua.

Alhamisi nilimpeleka hospitali. Presha nzuri, sukari nzuri, moyo wa kijana. Daktari akaniambia niende kupumzika mimi. Kwenda na kurudi, baba alikaa kwenye kiti chake ameshika rozari, amefumba macho, na dirisha la upande wake alilifungua lote ingawa kulikuwa na baridi. Nyumbani alikula vijiko vitatu akasukuma sahani.

Ijumaa nilishindwa kuvumilia. Nikakaa mbele yake nikamwambia, baba, niambie una nini, la sivyo naita ukoo mzima.

Akasema taratibu, "Babu yako wiki yake ya mwisho alikuwa anasikia harufu ya tumbaku ya kaka yake. Kaka yake alikuwa amekufa siku nyingi. Sisi tulikaa naye chumba kimoja, hatukuisikia."

Nikakumbuka Jumamosi.  "Na wewe unasikia nini?"

"Kambale wa mama yako. Kila nikipanda gari. Nilikuuliza ukasema hakuna."

Nililia. Sikulia kwa staha, nililia kwa sauti, na mafua yakazidisha. Mimi sina imani na mambo hayo, lakini usiku na mchana nimeishi na watu wanaoamini, na mtu akishaamini kwamba anaondoka, huondoka kweli, nimewaona. Chupa ya mawese haikunijia kabisa akilini. Kwangu mimi mawese yalikuwa stoo, kwenye rafu, yanasubiri nipone.

Jumamosi akasema twende Michenga, akaliage shamba. Alitumia neno hilohilo, kuaga. Alivaa shati jeupe. Nikaendesha polepole, siongei, naogopa hata kubadili gia kwa nguvu. Mafua yalikuwa yamepungua lakini pua bado ilikuwa inafunguka upande mmoja na kufunga mwingine. Tulipita baiskeli zilizobeba magunia ya mpunga mpya, na waendeshaji wakamsalimia mzee shikamoo, naye akawaitikia marahaba mmoja mmoja kwa kirefu, kama anawapa kitu.

Kabla ya kufika, katikati ya mashamba, gari likaanza kukohoa. Likavuta, likaacha, likavuta, likazima. Nikapiga stata mara tano. Kimya.

Baba akavua kofia akaiweka magotini. "Basi," akasema. "Kumbe ni hapahapa."

"Baba, ni gari limezima!"

"Nasikia."

Niliruka nje nikampigia fundi simu, na sijui nilimwambia nini, kwa sababu alikuja kwa pikipiki upesi kuliko anavyokwenda kwenye gari la mtu yeyote. Alikuja na boksi la spana za baba. Akaniamkia, akamwamkia mzee, akainua boneti akafuata mpira wa petroli mpaka kwenye filta. Magari ya zamani yale yana bilauri ndogo ya kioo pale, uchafu unatulia chini na unauona. Akaifungua, akaishika juu kwenye mwanga. Chini ya petroli kulikuwa na tope la rangi ya chungwa, na nyuzinyuzi ndani yake. Fundi akaileta puani. Akanitazama. Akanusa tena.

"Mwalimu," akasema, "samahani. Hili gari mnalikaangia samaki?"

"Unasema nini?"

"Haya ni mawese. Ya kukamua nyumbani, makapi yake haya hapa."

Nikamnyang'anya bilauri. Pua yangu ile moja iliyokuwa imefunguka ilinitosha. Nilisimama pale na bilauri mkononi, na kila kitu kikaja kwa mpigo: stoo, chupa, maji ya kuogea, vikombe viwili, gunia. Kisha likaja la pili ambalo lilinitoa jasho kwenye baridi ile. Kama haya ni mawese, basi chupa iliyobaki kwenye rafu, ile niliyopanga kumkaangia baba kambale kesho yake, ni oili ya msumeno.

Nilikimbia hatua nne tu kufika mlango wa baba lakini nilihema kama nimetoka Ifakara. "Baba, ni mawese! Ni mimi! Mama mdogo alileta mawese, nikayatia kwenye tanki. Nilidhani ni oili yako. Harufu ni ya kweli, iko kwenye gunia ulilokalia, inadondokea bomba la moshi. Fundi ameisikia. Na mimi nimeisikia sasa hivi."

Baba aligeuza uso upande wa sauti yangu. "Wewe ulisema hakuna harufu."

"Nilikuwa na mafua! Pua zilikuwa zimeziba!"

"Nilisikia unaongea puani," akasema. "Nikadhani unalia. Nikadhani umeshajua, unanificha."

Nikampa bilauri. Akainusa muda mrefu. Akachovya kidole, akaonja, jambo ambalo simshauri mtu, akatema nje ya dirisha. Mabega yake yakaanza kutikisika na kwa muda sikujua ni kilio au ni nini, mpaka sauti ikatoka. Baba alicheka. Tangu tumzike mama nilikuwa sijamsikia akicheka, na kicheko kilikuwa kilekile, cha kupanda na kukwama na kupanda tena. Fundi alishindwa kujizuia, akaenda kuinama nyuma ya gari. Mimi nilikaa chini kwenye majani ya pembeni mwa barabara, nikacheka nami. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na jembe alituuliza kama tumepata ajali. Nikamwambia hapana mama, tumepona.

"Nimeungama mpaka dhambi za mwaka niliooa," baba akasema akijifuta macho. "Kwa ajili ya mawese. Na ni vikombe vingapi ulitia?"

"Viwili."

"Nilikwambia kimoja." Hapo alikuwa amekasirika kweli, na sijawahi kufurahia kukaripiwa kama siku ile. Akaita kwa sauti ya udereva wake wa zamani, "Na wewe fundi! Ukimaliza, hizo spana utaziacha humu."

"Ndiyo, mzee."

Fundi akasafisha bilauri, akapuliza mpira kwa mdomo mpaka akakunja uso, akasema tunaweza kufika nyumbani taratibu, kisha tanki limwagwe lote. Valvu hazina neno, akasema, huenda zimefurahi. Wakati anafunga, mimi nilipanda nikakaa kwenye usukani. Baba alikuwa ametulia. Akanishika mkono, juu ya kiganja, akashusha sauti ili fundi asisikie.

"Padre aliniuliza kama niko tayari. Nikamwambia niko tayari, namfuata mke wangu kwa furaha. Nilimdanganya padre, mama. Kwenye maungamo."

 Baba huniita mama akiwa na jambo zito.

"Nilikuwa naogopa. Kila nikikaa hapa na ile harufu ikija, nilikuwa namwambia mama yako, toka, niache, bado. Nilimfungulia dirisha atoke. Miaka hamsini na moja tumekaa naye, na alipokuja nilimfukuza kama kuku."

"Hakuwa yeye, baba."

"Najua hakuwa yeye. Ndiyo maana nimecheka." Akatafuta kofia yake magotini, akaivaa. "Sikutaka kufa. Sikujua kama sitaki. Nilidhani tangu afe yeye nilikuwa nasubiri tu zamu yangu. Kumbe nautaka huu mpunga. Nataka kuuona, hata kwa kuushika."

Nilimwambia kwamba mama angefurahi kusikia hivyo. Akasema mama angemsema wiki nzima kwanza, ndipo afurahi. Hilo lilikuwa kweli.

Fundi akafunga boneti, akaweka boksi la spana nyuma, akapiga bati mara mbili kunipa ishara. Nikapiga stata. Gari likasita, likakohoa moshi mmoja mzito, likashika. Nikageuza pale pale, kisha nikaona si haki, nikageuza tena kuelekea Michenga, maana tulikuwa hatujafika na mpunga ulikuwa mbele. Bomba likachemka. Harufu ikapanda polepole kutoka chini ya kiti, na safari hii niliisikia vizuri kabisa: sufuria ya mama, kambale wa mama, Jumapili mchana mlango wa jikoni ukiwa wazi. Nikamtazama baba kwa pembeni, nikitaka kumwomba radhi. Alikuwa amenyoosha mkono anapapasa mlango upande wake. Akalikuta dirisha, akalifunga lote, akaniambia nisikimbize gari.